PTEN "imepotea" kwenye Gleason 3+4: uchambuzi wa kisa kimoja cha saratani ya tezi dume

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 61, mwenye nguvu zake, ana presha inayodhibitiwa kwa vidonge na hana ugonjwa mwingine. PSA yake ya kwanza, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilikuwa 8.4 ng/ml. Wiki sita baadaye, mkojo ukiwa umepimwa na kuonekana hauna maambukizi, ikarudiwa na kusoma 8.9. Tezi kwa ultrasaundi ilikuwa na ujazo wa mililita 38. Kwa kidole, daktari aligusa sehemu ngumu ndogo upande wa kulia, isiyofika nusu ya upande huo, yaani hatua ya uvimbe T2a. Vikachukuliwa vipande 12 vya tishu (biopsi) kwa sindano ya geji 18.

Majibu aliyokuja nayo kwenye kliniki ya saratani yalikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema: adenokasinoma ya tezi dume, Gleason 3+4=7, vipande 5 kati ya 14 vina saratani. (Gleason hujumlisha madaraja mawili ya saratani yaliyoonekana, lenye wingi likitangulia; la 3 ni afadhali, la 5 ni baya zaidi.) Ya pili, iliyotoka wiki 14 baada ya vipande kuchukuliwa, ilisema: PTEN imepotea, ERG hasi, Ki-67 asilimia 2. Hizo ni alama za tishu, yaani protini zinazotiwa rangi kwenye slaidi: PTEN huzuia seli kukua ovyo, ERG huonesha muungano wa jeni unaopatikana katika baadhi ya saratani hizi, na Ki-67 huonesha seli zinazogawanyika. Mtoto wake mkubwa alikuwa amesoma mtandaoni kwamba PTEN ikipotea saratani ni kali, na swali lake lilikuwa moja: "Daktari, mzee afanyiwe operesheni wiki hii?"

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa, hospitali na namba zake vimepangwa ili vioneshe makosa yanayojirudia katika maabara na kliniki, na hakuna mtu mmoja aliyeelezwa hapa. Takwimu za tafiti zilizotajwa ni halisi.

Hesabu ya kawaida kwanza

Kabla ya kugusa alama yoyote ya tishu, hesabu ya hatari ifanywe kwa vitu vilivyopo: PSA, Gleason, hatua ya uvimbe na idadi ya vipande. Alama ya tishu huongeza kitu juu ya hesabu hiyo. Haiwezi kuchukua nafasi yake.

Tuanze na vipande, kwa sababu hapo pana tatizo la wazi. Fomu ya daktari aliyechoma sindano inasema 12, ripoti inasema 14. Sindano haikuongezeka, bali vipande viwili vilivunjika ndani ya chupa, na aliyeandika ripoti alihesabu vilivyokatika kama vipande kamili. Vitano kati ya 14 ni asilimia 35.7. Mwanapatholojia wa pili alipima urefu, akalinganisha ncha zilizovunjika, akaona vipande viwili vyenye saratani vilikuwa sindano moja. Kwa hiyo ni 4 kati ya 12, asilimia 33.3. Tofauti inaonekana ndogo mpaka utakapoijaza kwenye alama za hatari za CAPRA zilizotengenezwa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambazo mpaka wake uko kwenye asilimia 34: chini ya hapo pointi 0, kuanzia hapo pointi 1.

CAPRA ya mgonjwa huyu: umri kuanzia miaka 50, pointi 1. PSA kati ya 6.1 na 10, pointi 1. Daraja la 4 likiwa la pili kwa wingi, pointi 1. Hatua T2, pointi 0. Vipande asilimia 33.3, pointi 0. Jumla ni 3, kundi la kati, ambalo huanzia 3 hadi 5. Kwa hesabu ya vipande 14 angepata 4, na bado angebaki kundi lilelile. Mwingine mwenye jumla ya 2 angevushwa kutoka kundi la hatari ndogo kwa sababu ya kipande kilichokatika chupani, basi. Dawa yake ni rahisi: kila eneo na chupa yake, kipande kilazwe kimenyooka juu ya karatasi ya kuchujia au katikati ya sponji mbili ndani ya kaseti, na kaseti moja isizidi vipande vitatu.

Kwa mgawanyo wa NCCN, mtandao wa Kimarekani wa hospitali za saratani unaotoa miongozo, mgonjwa yuko kundi la kati lililo afadhali: kundi la daraja la 2 (yaani 3+4), PSA chini ya 10, vipande chini ya nusu. Uzito wa PSA kwa ujazo wa tezi ni 8.9 gawanya kwa 38, sawa na 0.23, juu ya 0.15 ambayo madaktari wengi huitumia kama kengele kabla ya kumwacha mtu kwenye ufuatiliaji wa karibu. Kwa hiyo swali la kweli mezani lilikuwa hili: je, mzee huyu anaweza kufuatiliwa bila tiba kwa sasa, au anahitaji tiba? Swali la operesheni ya wiki hii halikuwepo kabisa. Saratani ya namna hii haidai maamuzi ya siku saba, na ndugu waambiwe hivyo mapema ili hofu isiwaamulie.

Slaidi zilipofunguliwa upya

Ripoti ya kwanza ilikosa mambo matatu: daraja la 4 ni asilimia ngapi, lina mpangilio gani, na kila kipande kina saratani ya urefu gani. Bila hayo, "3+4" inabeba ndani yake wagonjwa wawili wasiofanana. Yupo mwenye asilimia 5 ya daraja la 4, tezi chache zilizokosa umbo, ambaye ugonjwa wake unakaribia kutembea kama 3+3. Na yupo mwenye asilimia 45, akiwa hatua moja tu kabla ya 4+3.

Makundi ya daraja 1 hadi 5, yaliyokubaliwa na wanapatholojia wa ISUP, chama chao cha kimataifa cha magonjwa ya mfumo wa mkojo, mwaka 2014 na kuingizwa katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, yalitenganisha 3+4 (kundi la 2) na 4+3 (kundi la 3) kwa sababu nzuri. Katika wanaume zaidi ya 20,000 waliofanyiwa upasuaji kwenye hospitali tano kubwa, waliokaa miaka mitano bila PSA kurudi walikuwa asilimia 96 kwa kundi la 1, 88 kwa la 2, 63 kwa la 3, 48 kwa la 4 na 26 kwa la 5. Angalia shimo lililopo kati ya la 2 na la 3. Mtu akisogezwa vibaya hapo, matarajio yake yote yanabadilika.

Baada ya kupima, picha ilikuwa hii. Vipande vinne vya upande wa kulia vilikuwa na saratani ya milimita 2, 6, 4 na 1.5, jumla 13.5. Vile viwili vidogo vilikuwa 3+3 tupu. Kile cha milimita 6 na kile cha 4, kila kimoja kilikuwa na asilimia 40 ya daraja la 4, yaani milimita 2.4 na 1.6. Kwa jumla, milimita 4 kati ya 13.5, karibu asilimia 30. Daraja likabaki 3+4, kundi la 2.

Lakini katika kipande cha milimita 6, sehemu ya daraja la 4 ilikuwa ya kribrifomu: seli zimejaa ndani ya tezi na kuacha matundu matundu kama chekecheke. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, na lilikuwa linaonekana kwenye slaidi ya kawaida ya rangi za hematoksilini na eosini tangu siku ya kwanza. Kribrifomu huambatana na ugonjwa unaotoka nje ya tezi, PSA kurudi baada ya tiba na kusambaa, zaidi ya daraja la 4 la tezi zilizoungana ovyo au zilizokosa umbo. Wala CAPRA wala jedwali la NCCN la makundi havina kisanduku cha kuliandika. Namba za mgonjwa zilibaki vilevile, hatari yake ikapanda.

Baadhi ya tezi hizo zilikuwa kubwa, zenye kingo laini, zikifuata umbo la mirija ya kawaida. Hapo mwanapatholojia alishuku saratani ndani ya mirija. Hii ndiyo sehemu ambayo alama za tishu zilikuwa na kazi ya kufanya, na tutairudia baada ya kuona kwa nini karatasi ya pili haikufaa.

Jibu la PTEN lililokuwa batili

PTEN ni jeni iliyopo kwenye kromosomu ya 10. Protini yake huzuia njia ya ishara ya PI3K na AKT inayoisukuma seli ikue na isife. Jeni ikifutika nakala zake zote mbili protini hutoweka, na kwenye slaidi seli za saratani hubaki bila rangi ya kahawia ilhali majirani zake wazima wamechukua rangi. Neno zito hapo ni majirani. Tezi zisizo na saratani, stroma (tishu inayoshikilia tezi) na ukuta wa mishipa midogo ya damu vyote vina PTEN, na ndivyo kipimo cha ndani cha kujihakikishia. Stroma ikiwa nyeupe na saratani ikiwa nyeupe, huna jibu. Una slaidi iliyoshindwa kupata rangi.

Slaidi ya kwanza ya mgonjwa huyu ilipoletwa, stroma ilikuwa nyeupe, tezi nzima zilikuwa na kahawia hafifu ya hapa na pale, na mishipa haikuonekana. Kwenye slaidi ya ERG pia, viini vya seli za ukuta wa mishipa, ambavyo hupaswa kuwa kahawia kwa kila binadamu, vilikuwa bluu. Kwa hiyo "ERG hasi" nayo haikuthibitishwa. Na Ki-67 ya asilimia 2 haikuwa na chembe yoyote ya limfu iliyopata rangi pembeni yake. Karatasi nzima ilikuwa haina thamani, na alama zake zote tatu hazikuaminika kwa sababu moja.

Daftari la maabara lilieleza. Vipande vya slaidi visivyopakwa rangi vilikatwa siku ya biopsi na kuwekwa kwenye kisanduku wazi karibu na dirisha kwa wiki 14. Tishu iliyokatwa ikikaa na hewa, joto na unyevu, protini zake hupoteza uwezo wa kushikwa na kingamwili inayotumika kuzitia rangi, na PTEN na Ki-67 ni miongoni mwa zinazoathirika. Juu ya hapo, beseni la maji ya moto la kufungulia protini lilisoma nyuzi 84 na umeme ukakatika dakika ya 11. Formalini hufunga protini kwa madaraja ya kikemikali, na ni joto la nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20 hadi 40 ndilo huyafungua. Nyuzi 84 kwa dakika 11 ni kama hakuna kilichofanyika.

Fundi anayeona slaidi nyeupe asiandike "hasi". Aandike "haisomeki, kipimo cha ndani kimeshindwa". Sentensi hiyo moja ingemwepushia mzee na familia yake wiki kadhaa za hofu.

Marudio yalivyofanywa

Jambo la kwanza ni bloku, yaani kipande cha nta kilichoshika tishu. Kipande cha sindano kina unene wa milimita moja au pungufu, na kila mara bloku inaporudishwa kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia tishu, pembe hubadilika kidogo. Makumi ya mikroni hutupwa kabla ya kupata sura nzima ya tishu. Saratani ya milimita 1.5 inaweza kuisha kwenye upunguzaji huo. Kwa hiyo bloku yenye milimita 6 ndiyo iliyochaguliwa kwanza, pamoja na ya milimita 4, na ribeni zote (mikato inayofuatana) zilikatwa mkao mmoja: slaidi ya kwanza ya hematoksilini, kumi zisizopakwa rangi, ya mwisho ya hematoksilini tena. Mbili za pembeni zinathibitisha kuwa saratani bado ipo katikati.

Unene ulikuwa mikroni 4, kwenye slaidi zenye chaji ili tishu isivuliwe na maji ya moto. Zilikaushwa nyuzi 60 kwa saa moja na kupakwa rangi ndani ya wiki hiyohiyo. Nta ikatolewa kwa zailini mara tatu, dakika tano kila mara, kisha ethanoli ya asilimia 100, 95 na 70, kisha maji. Ufunguzi wa protini ulifanywa kwa bafa ya Tris-EDTA ya pH 9.0 ndani ya presha kuka juu ya jiko la gesi: dakika tatu tangu presha ilipojaa, kisha kuacha ipoe dakika 20 bila kutoa slaidi. Presha kuka na gesi haviogopi TANESCO, na kwa maabara nyingi ni suluhisho la kudumu kuliko kusubiri jenereta. Ukibadilisha chombo, hata hivyo, ni lazima uanze upya kutafuta kipimo cha kingamwili. Jaribu 1:50, 1:100 na 1:200 kwenye tishu unayoijua, uchague inayotia rangi kali kwenye stroma na mishipa bila kuchafua mandhari.

Yaliyofuata ni ya kawaida: peroksidi ya hidrojeni asilimia 3 kwa dakika 10, kingamwili ya kwanza dakika 60 kwenye chumba chenye unyevu, polima yenye peroksidase dakika 30, DAB (inayotoa rangi ya kahawia) dakika 5, na hematoksilini ya muda mfupi. Hematoksilini ikizidi huficha kahawia hafifu ya sitoplazimu na kukufanya uone upotevu usiokuwepo.

Formalini nayo ilikaguliwa, kwa sababu kosa la hapo halirudishiki. Bahati nzuri ilikuwa yenye bafa: mililita 100 za formaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu ya monobesiki na gramu 6.5 za ile ya daibesiki isiyo na maji, pH kati ya 7.0 na 7.4. Vipande vilikaa humo saa 20. Chini ya saa 6 katikati ya kipande haijashikwa, na pombe ya mashine ndiyo huimalizia, ukapata kingo zenye rangi na katikati nyeupe. Formalini isiyo na bafa hugeuka asidi, ikaacha punje nyeusi na kuharibu DNA na RNA, na mgonjwa akihitaji kipimo cha jeni baadaye tishu yake haitatoa kitu.

Kilichoonekana

Safari hii stroma, mishipa na tezi nzima zilikuwa kahawia safi. Katika kipande cha milimita 6, tezi za saratani karibu zote, pamoja na zile za kribrifomu, zilikuwa hazina PTEN. Katika kipande cha milimita 4, tezi chache zilipoteza na nyingine zilibaki nayo. Huo ni upotevu wa sehemu, jambo la kawaida kwa PTEN kwa sababu hupotea baadaye katika safari ya saratani, tofauti na ERG ambayo hutokea mapema. Vipande vya 3+3 vilikuwa na PTEN kamili. ERG: mishipa chanya, saratani hasi. Sasa hasi hiyo inaaminika.

p63 na keratini za uzito mkubwa, alama za seli za msingi zinazozunguka tezi ya kawaida, zilionesha mzunguko wa seli hizo kuzunguka baadhi ya tezi kubwa za kribrifomu. Seli za msingi zikiwepo, tezi hiyo si saratani iliyovamia. Inabaki kuwa ama PIN ya daraja la juu, mabadiliko ya seli ambayo bado si saratani, ama saratani iliyojaa ndani ya mirija, ambayo ni ishara mbaya. PTEN ndiyo iliyoamua: PIN iliyojitenga huwa na PTEN yake karibu daima, na hapa ilikuwa imepotea kama katika saratani jirani. Jibu likawa saratani ndani ya mirija. Kwa maoni yetu haya ndiyo matumizi bora ya PTEN kwenye tishu ya biopsi katika maabara zetu, kwa sababu yanatatua swali la utambuzi ambalo jicho peke yake halikuweza kulimaliza.

Ki-67 ilihesabiwa upya kwenye eneo lenye viini vingi vyenye rangi, seli za saratani 500, bila kuhesabu seli za msingi wala limfosaiti zilizojipenyeza. Ilikuwa asilimia 7. Msomaji mwingine akichukua wastani wa kipande chote atapata 4. Wote wawili wako sahihi kwa njia zao, na hilo ndilo tatizo la Ki-67. Utafiti wa Uingereza wa wanaume walioachwa bila tiba ya haraka ulionesha kuwa Ki-67 kubwa, hasa zaidi ya asilimia 10, iliambatana na vifo vya saratani hata baada ya kuzingatia Gleason na PSA. Asilimia 7 iliyohesabiwa katika eneo moja la kipande cha sindano haina nguvu ya kubeba uamuzi wa mtu. Iandikwe pamoja na njia iliyotumika kuihesabu, kisha iachwe hapo.

Uzito wa PTEN kwa mgonjwa huyu

Lotan na wenzake wa Johns Hopkins walichunguza wanaume waliokuwa na Gleason 6 kwenye biopsi kisha wakafanyiwa upasuaji. Waliopandishwa daraja baada ya tezi kutolewa walikuwa na PTEN iliyopotea katika asilimia 18 hivi, na ambao hawakupandishwa katika asilimia 7 hivi. Maana yake ya kivitendo ni kwamba PTEN iliyopotea hukuonya kuwa sindano huenda imekosa sehemu mbaya zaidi. Lakini angalia pia upande wa pili: zaidi ya asilimia 80 ya waliopandishwa walikuwa na PTEN kamili. PTEN ikiwepo haimwondolei mtu hatari, na asiambiwe kuwa yuko salama.

ERG huongeza kitu cha pekee kwa wagonjwa wetu. Muungano wa jeni za TMPRSS2 na ERG, ndio unaoifanya ERG iwe chanya, uliogunduliwa Michigan mwaka 2005, hupatikana katika karibu nusu ya saratani za tezi dume za wanaume wenye asili ya Ulaya, lakini ni mchache zaidi kwa Wamarekani weusi na kwa wanaume weusi waliochunguzwa Afrika Kusini. Upotevu wa PTEN nao umeonekana mara chache zaidi kwa Wamarekani weusi kuliko kwa wazungu. Sasa, utafiti wa Marekani wa zaidi ya saratani 1,000 uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba PTEN iliyopotea kwenye saratani isiyo na ERG ndiyo iliyoambatana na kusambaa na kifo, takriban mara tatu, wakati kwenye saratani yenye ERG uhusiano huo haukuwa dhahiri. Mgonjwa wetu yupo kwenye mchanganyiko huo hasa. Ni ushahidi wa kumsogeza kuelekea tiba. Si ushahidi wa kumpa asilimia kamili ya kuishi, kwa kuwa wanaume wa utafiti ule wengi hawakuwa Waafrika na alama ilipimwa kwenye tezi nzima iliyotolewa, siyo kwenye sindano.

Kuna mtego wa maneno unaokuja na dawa mpya. Katika biopsi, maabara nyingi huita PTEN "imepotea" ikikosekana kwenye zaidi ya asilimia 10 ya saratani. Katika utafiti wa CAPItello-281 wa dawa ya capivasertib pamoja na abirateroni, kwa wanaume ambao saratani imesambaa na bado inasikia homoni, sharti lilikuwa seli kuanzia asilimia 90 ziwe hazina rangi. Mpaka mmoja unatabiri mwendo wa ugonjwa, mwingine unachagua nani apewe dawa. Ripoti isiyoandika asilimia haifai kwa yoyote kati ya hayo, na ugonjwa wa mzee huyu, ambao haujasambaa, hauhusiki na dawa hiyo.

Familia iliuliza pia kuhusu kutuma bloku Marekani kwa kipimo cha jeni nyingi. Decipher hupima jeni 22 na kutoa alama 0 hadi 1: chini ya 0.45 hatari ndogo, juu ya 0.60 hatari kubwa. Prolaris hutumia jeni 46, Oncotype jeni 17. Ni vipimo vilivyofanyiwa kazi nzito, lakini gharama yake ni maelfu ya dola, na hapa tungekuwa tunalipia jibu la swali lililokwisha kujibiwa. Kribrifomu na saratani ndani ya mirija vimeshamwondoa kwenye ufuatiliaji. Alama ndogo ya Decipher isingemrudisha. Fedha hiyo ni heri itumike kwenye MRI na nauli ya kwenda kwenye mionzi.

Uamuzi

MRI ya tezi dume ilionesha doa la milimita 14 upande wa kulia, ndani ya ganda, bila tezi za limfu kubwa. Skani ya mifupa ilikuwa safi. Kwa jedwali pekee asingehitaji skani hiyo. Ilifanywa kwa sababu ya kile kilichoonekana kwenye tishu.

Ufuatiliaji wa karibu ulijadiliwa kwa haki, kwa sababu watu hutaja utafiti wa ProtecT wa Uingereza: wanaume 1,643, na baada ya miaka 15 vifo vya saratani ya tezi dume vilikuwa karibu asilimia 3 katika makundi yote matatu, ya ufuatiliaji, upasuaji na mionzi. Saratani kusambaa ilikuwa asilimia 9.4 kwa waliofuatiliwa, dhidi ya 4.7 na 5.0. Lakini wengi wao walikuwa na Gleason 6, na karibu wote walikuwa wazungu. Kuichukua asilimia 3 hiyo na kumpa mzee mwenye kribrifomu, saratani ndani ya mirija na PSA ya 0.23 kwa kila mililita ya tezi ni kumdanganya.

Akapewa njia mbili zenye uzito sawa: kutoa tezi yote pamoja na limfu za nyonga, au mionzi ya Gy 60 (greyi, kizio cha mionzi) kwa vipindi 20 ndani ya wiki nne, mpango uliothibitishwa na utafiti wa CHHiP, pamoja na tiba ya homoni ya kushusha testosteroni kwa miezi sita. Akachagua mionzi, akiogopa zaidi kuvuja mkojo. Homoni ilikuwa gosereline miligramu 10.8, sindano mbili zilizoachana wiki 12, na bikalutamide miligramu 50 kwa siku kuzunguka sindano ya kwanza ili testosteroni isipande ghafla. Homoni ilipangwa kwa sababu ya sura ya saratani na hali ya kliniki. Hakuna ushahidi kwamba PTEN iliyopotea inaonesha nani atafaidika nayo, na barua ya kliniki isiandike hivyo.

Mtoto mkubwa alipouliza tena kama alama ile inasema baba atapona, jibu lilikuwa: "Haisemi hivyo, baba. Inasema ugonjwa wa mzee usiachwe bila tiba. Kupona kwake tutakufuatilia kwa PSA." PSA itapimwa kila miezi sita kwa miaka mitano, kisha kila mwaka. Baada ya mionzi, ugonjwa huhesabiwa umerudi PSA ikipanda ng/ml 2 juu ya kiwango chake cha chini kabisa, na wakati homoni inapoisha mwilini kupanda kidogo pamoja na testosteroni kunatarajiwa. Testosteroni ipimwe siku hiyohiyo, vinginevyo familia itashtuka bure.

Ripoti ya patholojia iliandikwa upya hivi: vipande 4 kati ya 12; Gleason 3+4=7, kundi la 2; daraja la 4 asilimia 30 kwa jumla na 40 katika vipande viwili; kribrifomu ipo; saratani ndani ya mirija ipo; jumla ya urefu milimita 13.5, PTEN imepotea katika zaidi ya asilimia 90 ya saratani ya kipande kimoja na kwa sehemu katika kingine, kipimo cha ndani chanya, ERG hasi, mishipa chanya, Ki-67 asilimia 7 katika eneo lenye viini vingi vyenye rangi, seli 500. Ya kwanza ilifutwa rasmi kwenye faili, ili daktari mwingine asiikute baadaye na kuitumia.

Limebaki jambo la watoto. Saratani ndani ya mirija huonekana zaidi kwa wanaume waliorithi hitilafu ya jeni ya BRCA2, hivyo mzee alishauriwa kutoa damu kwa kipimo cha jeni cha kurithi pale kitakapopatikana, na aliulizwa kuhusu saratani za matiti, ovari na kongosho kwa dada na shangazi zake, swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wanawe wa kiume waanze kupima PSA wakifika miaka 40. Kama BRCA2 itakutwa, binti zake nao wanahusika, na wao waanzie kliniki ya matiti.